Maswali na Majibu: Kompyuta Inayolia na Kukataa Kuwaka

Barua kadhaa zilizotufikia zinahusu kompyuta za mezani zinazotoa mlio badala ya picha. Tumeziweka pamoja, kwa kuwa jibu la moja mara nyingi linasaidia kuelewa nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari mjini Tanga. Ofisini tuna kompyuta ya mezani iliyoingizwa nchini ikiwa imeshatumika Uingereza. Shule ilipofunguliwa baada ya likizo tuliiwasha, ikalia mara 5, ikanyamaza kidogo, kisha ikarudia, huku taa nyekundu ya mbele ikipepesa. Baada ya muda mlio hukoma lakini taa huendelea, na skrini haionyeshi chochote. Fundi aliyeiangalia amesema Windows imekufa na kwamba inabidi ipigwe upya. Ndani yake kuna matokeo ya mitihani ya kidato cha pili na cha tatu ambayo hatujayachapisha. Nifanye nini?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, kabla ya jambo lolote, usikubali kompyuta hiyo ipigwe Windows.

Mlio unaousikia hutolewa kabla Windows haijaguswa kabisa. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) hutuliza umeme wake kwanza, kisha huiarifu mazabodi, yaani bodi kuu, kwamba umeme uko sawa. Hapo prosesa, chipu kuu inayofanya hesabu zote, huanza kusoma programu ndogo iitwayo BIOS, ambayo imehifadhiwa katika chipu iliyo kwenye mazabodi yenyewe wala si kwenye diski, na programu hiyo hukagua viungo vya mashine kimoja baada ya kingine: prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), kadi ya picha, kibodi na vinginevyo. Ukaguzi ukishapita ndipo BIOS huigeukia diski na kuiachia Windows kazi. Kwa kuwa RAM hukaguliwa kabla picha haijaweza kutokea, hitilafu ya hatua hiyo haiwezi kuandikwa kwenye skrini, na ndiyo sababu watengenezaji waliamua itangazwe kwa spika ndogo iliyo ndani ya kasha.

Mashine yenu imekwama huko mwanzoni. Haijaifikia diski, kwa hiyo haijapata hata nafasi ya kujua kama Windows ni nzima au mbovu. Tena hakuna fundi anayeweza kupiga Windows kwenye mashine iliyokwama hapo. Itambidi kwanza aondoe hitilafu inayoizuia, na akishaiondoa, mashine itawaka na Windows ileile iliyokuwamo. Atakachofuta baada ya hapo ni matokeo ya wanafunzi wako, na kwa ufutaji huo atakudai malipo.

Tuje kwenye hesabu ya milio. Hukutaja aina ya kompyuta, na hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu watengenezaji hawakuwahi kukubaliana juu ya maana ya milio. Tangu kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981, mlio mmoja mfupi kwenye mashine nyingi umekuwa dalili kwamba ukaguzi umepita salama. Zaidi ya hapo kila kampuni ilishika njia yake. Milio 5 kwenye mashine yenye BIOS ya kampuni ya AMI ni lalamiko kuhusu prosesa. Milio hiyohiyo 5 kwenye Dell OptiPlex za miaka ya nyuma inahusu betri ndogo ya saa, na kwenye kompyuta za ofisi za HP Compaq inahusu RAM. Mtu akiisoma hesabu hiyo kwa orodha ya mashine nyingine anaweza kununua prosesa kwa ajili ya hitilafu ambayo betri ya bei ndogo ingeimaliza. Kwa hiyo soma kwanza jina na namba ya modeli iliyobandikwa kwenye kasha, kisha tafuta orodha ya modeli hiyo, si orodha ya jumla. Wakati wa kuhesabu, tofautisha mlio mrefu na mfupi, na uzingatie kituo kati ya duru moja na nyingine. Kurekodi kwa simu na kusikiliza tena kwa utulivu ni bora kuliko kubishana ofisini kama ilikuwa mitano au sita.

Hata hivyo maelezo yako yanatosha kuitambua. Taa nyekundu inayopepesa sambamba na mlio, na mlio unaokoma baada ya duru chache ilhali taa inaendelea, ni tabia ya HP Compaq za ofisi: mlio hurudiwa mara 5 tu kisha hukoma, na taa huendelea hadi hitilafu itakapoondolewa. Natoa jibu langu kwa kuamini kwamba ndiyo mashine mliyo nayo, na kwamba tatizo liko kwenye RAM au mahali inapochomekwa.

Kwamba hali hii imeanza baada ya likizo si ajabu kwa mji wa pwani. Kompyuta inayofanya kazi kila siku hupata joto linalokausha unyevu ndani ya kasha, lakini iliyofungiwa wiki kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa hubaki na vumbi na unyevu wenye chumvi ya bahari, na utando mwembamba ukishajijenga kati ya RAM na soketi yake, umeme haupiti sawasawa. Huenda pia ilisogezwa wakati wa usafi na RAM ikalegea. Sababu zote mbili zina tiba moja.

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua kifuniko cha ubavuni na uguse sehemu ya chuma isiyopakwa rangi, kwa sababu umeme tuli wa mwilini, hata ule usiouhisi, unaweza kuharibu chipu. RAM ni vibao vyembamba vilivyosimama karibu na feni ya prosesa. Sukuma vibanio vya ncha zote mbili, toa vibao vyote, na ukumbuke kila kimoja kilikaa soketi gani. Mafundi wengi husugua sehemu ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli. Njia hiyo inafanya kazi, lakini dhahabu hiyo ni tabaka jembamba mno, na ufutio mgumu wa kufutia kalamu ya wino huikwangua. Mimi napendelea kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti isiyo na rangi, kisha kuiacha ikauke kabisa. Soketi zipulizwe kwa blowa, wala zisipulizwe kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu uleule tunaoukimbia. Unapopuliza karibu na feni, izuie kwa kidole isizunguke ovyo.

Sasa rudisha kibao kimoja tu. Kikandamize kwa nguvu sawa pande zote mbili mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio wa "tak". RAM iliyoingia upande mmoja ndiyo chanzo cha nusu ya safari za kwa fundi, kwa maoni yangu. Washa. Ikikataa, hamishia kibao hichohicho soketi nyingine, kisha jaribu cha pili kwa utaratibu huohuo, ukikumbuka kuchomoa umeme kila mara. Kibao kinachokataa soketi zote ni kibovu, na soketi inayokataa vibao vyote ndiyo mbovu. Ikiwa shuleni mna kompyuta nyingine ya modeli hiyohiyo inayofanya kazi, kopa RAM yake kwa majaribio. Hicho ndicho kipimo chenye uhakika kuliko vyote, na hakigharimu kitu.

Ikilia vilevile hata kwa RAM iliyothibitishwa kuwa nzima, basi suala limevuka uwezo wa ofisi ya taaluma. Katika kompyuta nyingi za Intel zilizotoka baada ya 2008, sehemu inayoendesha RAM imo ndani ya prosesa, hivyo pini moja iliyopinda kwenye soketi ya prosesa inaweza kuleta malalamiko ya RAM ambayo kubadilisha RAM hakutayamaliza. Hapo fundi anahitajika, lakini mwambie kwa maandishi kwamba diski isiguswe.

Bora zaidi, mpelekee mashine bila diski. Diski hushikwa na skrubu chache au kibanio cha plastiki, na ikiunganishwa na kompyuta nyingine kwa kebo ya kubadilisha SATA kuwa USB, mafaili yako yanaweza kunakiliwa siku hiyohiyo. Angalizo moja: kwenye mashine za miaka ya karibuni Windows huweza kuwa imeifunga diski kwa BitLocker, na ukiichomeka kwingine utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida hupatikana katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa kompyuta au kwa msimamizi wa mitambo wa taasisi. Kwa mashine ya umri wa yenu, sitarajii kizuizi hicho.

SWALI: Mhariri, niliongeza RAM kwenye kompyuta yangu ya mezani niliyo nayo tangu chuoni. Niliinunua katika duka moja la Barabara ya Luthuli hapa Nairobi kwa bei nafuu sana. Tangu niiweke, mashine inatoa mlio mrefu unaojirudia na haionyeshi picha. Nikiitoa, inawaka kama kawaida. Ya zamani ina kibandiko cha 4GB 2Rx8 PC3-12800U. Mpya imeandikwa 8GB 2Rx4 PC3-12800R. Muuzaji anaapa kwamba ni nzima kwa sababu aliipima.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Muuzaji anaweza kuwa anasema kweli, nawe pia. Umefanya vyema kunakili vibandiko, kwa sababu jibu limo humo.

Tazama herufi ya mwisho. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta za mezani, ambayo sehemu inayoiendesha huwasiliana na chipu zake moja kwa moja. R ni RAM ya seva: katikati ya kibao chake kuna chipu ya ziada inayopokea amri na kuzisambaza kwa chipu nyingine, ili seva iweze kubeba vibao vingi bila mawimbi ya umeme kudhoofika. Kompyuta ya kawaida ya mezani haiwezi kuiendesha RAM ya aina hiyo, na kinachowaponza wanunuzi ni kwamba zote mbili ni za kizazi cha DDR3, zote zina miguso 240 na mkato uleule, kwa hiyo inaingia kwenye soketi bila kizuizi chochote. Laiti ingekuwa ya kizazi cha DDR4, yenye miguso 288 na mkato uliosogezwa, isingeingia kabisa na ungerudi dukani siku ileile.

Usichanganye R hiyo ya mwisho na ile ya mwanzoni: 2R ya mwanzoni inahusu safu za chipu zilizopangwa kwenye kibao, na haina ubaya. Namba inayofuata, yaani x4, ni dalili nyingine ya asili yake, kwani RAM nyingi za kompyuta za mezani ni x8. RAM kama hizo huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hutolewa kwenye seva zilizostaafishwa kwa wingi, na walio na mashine za kuzitumia ni wachache. Alipoipima kwenye mashine inayoikubali, bila shaka ilikuwa nzima.

Mrudishie na uombe PC3-12800U, au PC3L-12800U ambayo hutumia volti 1.35 badala ya 1.5 lakini kwa kawaida hukubali zote mbili. Nenda na kibao chako cha zamani mfukoni, kikiwa ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli, na ukiweza nenda na mashine yenyewe ijaribiwe mbele yako. Angalia pia kiwango cha juu cha RAM ambacho mazabodi yako inakubali kwa kila soketi, kwani zipo za zamani ambazo GB 8 kwenye soketi moja ni nyingi kwao hata kama herufi ni U.

SWALI: Kompyuta ya duka langu kila asubuhi hulia mara moja, kisha skrini inaandika kwamba tarehe si sahihi na kunitaka nibonyeze F1. Nikibonyeza inaendelea, ila saa imerudi nyuma miaka mingi. Wiki hii hata F1 haisaidii. Windows inaanza kisha inajiwasha upya bila kikomo.
Msomaji, Unguja

JIBU: Betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi imekwisha. Kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3, ileile inayotumika kwenye mizani na rimoti za magari, na ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS wakati mashine haina umeme. Kompyuta iliyochomekwa hutunza saa kwa umeme mdogo wa pawa saplai hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo betri haichoki haraka. Duka linalozima swichi kuu kila jioni, jambo ambalo silikatazi hata kidogo, huifanya betri itumike usiku kucha.

Kuibadilisha ni kazi fupi. Chomoa umeme, sukuma kibanio kidogo pembeni ya betri, na weka mpya huku upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, isipokuwa mazabodi yako iwe na kishikizo cha kusimamisha betri, ambapo utafuata mkao wa ile ya zamani.

Tatizo lako la pili ndilo linalohitaji uangalifu, kwa sababu ndilo litakalokufanya uambiwe upige Windows. Betri ikifa, BIOS hupoteza mipangilio yote na kurudi kwenye ile ya kiwandani. Mmojawapo ni namna ya kuwasiliana na diski, ambayo huandikwa AHCI, RAID au IDE, na mwingine ni namna ya kuanzisha mfumo, yaani UEFI au Legacy. Windows iliyowekwa wakati mpangilio ukiwa AHCI inaweza kushindwa kuanza ikikuta IDE, ikajizima na kujiwasha vivyo hivyo bila mwisho, ingawa hakuna faili hata moja lililoharibika. Ukishaweka betri mpya, ingia kwenye BIOS kwa kitufe ambacho skrini itakuonyesha, mara nyingi F2, F10 au Delete, sahihisha tarehe, kisha badilisha mpangilio mmoja kwa wakati mmoja na ujaribu kuwasha. Anza na wa diski. Ukiona sasa inaingia hadi mwisho, piga picha kurasa zote za BIOS kwa simu na uzihifadhi, ili siku betri itakapokwisha tena usianze kubahatisha. Tarehe isahihishwe mapema pia kwa sababu tovuti za benki na za malipo hukataa kufunguka kwenye kompyuta ambayo saa yake imepotoka kwa miaka.

SWALI: Yangu hailii kabisa. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Je, kutolia ni dalili nzuri?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Huenda haina cha kulilia. Mazabodi nyingi zinazouzwa peke yake, hasa za mashine zilizoundwa na mafundi wa mtaani, huja na pini 4 zilizoandikwa SPEAKER bila spika yenyewe. Spika hiyo ni kidude kidogo cha bei ya chini. Kinunue, kichomeke, kisha toa RAM zote na uwashe. Mashine ikilalamika kwamba haina RAM, basi mazabodi, prosesa na BIOS viko hai kiasi cha kutambua kasoro, na upekuzi uhamie kwenye RAM na kadi ya picha. Ikibaki kimya, kagua waya wa volti 12 wa pini 4 au 8 unaoingia karibu na prosesa, kwa sababu ukisahauliwa baada ya matengenezo feni huzunguka vizuri tu huku prosesa ikiwa haina umeme.

Kabla ya hayo yote, hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya picha iliyoongezwa na si kwenye tundu la mazabodi. Na kama mashine ilitoka Marekani, tazama nyuma ya pawa saplai: ikiwa kuna swichi ndogo nyekundu, isomeke 230. Ikiwa 115, usiiwashe kwa umeme wetu.

SWALI: Kompyuta yangu hulia kila baada ya sekunde chache hata nikiwa nimeizima. Nimebadilisha RAM, nimebadilisha pawa saplai.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kompyuta iliyozimwa kabisa haikagui chochote, kwa hiyo haina sababu ya kulia. Inama chini ya meza na usikilize UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta umeme unapokatika. Kama ukutani hakuna umeme, inakuarifu tu kwamba inatumia betri yake. Kama umeme upo na bado inalia, betri hiyo imechoka. Ibadilishwe kwa nyingine yenye volti na uwezo uleule ulioandikwa ubavuni mwake, na ya zamani, kwa kuwa ina risasi na asidi, ipelekwe kwa wanunuzi wa betri chakavu badala ya kutupwa jalalani. RAM na pawa saplai ulizozitoa usiziuze. Kwa dalili ulizozieleza, hakuna kinachoonyesha kwamba ni mbovu.